Visu Nilivyovikata Kinga

Jumanne, 2 Machi 1976. Mbale.
Visu vya Jinja tayari. Chuma cha springi ya lori, mipini ya mvule. Vya kukunja nimevitia komeo. Ukishakifungua hakijifungi mpaka ulibonyeze. Vya samaki vina kinga, kile kipande cha chuma kati ya mpini na makali, kinachozuia vidole visiteleze. Ala za ngozi bado zinanuka. Nikisema sina mshindani hapa eneo la viwanda, najisifu, lakini ni kweli.

Alhamisi, 4 Machi.
Sikufika Jinja. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua gunia. Vya kukunja akavisukuma kando, akasema ni michezo ya watoto. Akashika cha samaki, akapapasa kinga. "Kisu ya jikoni haina hii chuma. Hii ni ya kuchoma mtu." Nilipiga magoti mbele ya basi zima. Afande, afande, mpaka nikajichukia. Ningeweza kumweleza kazi ya kinga. Alinizaba kofi, akachukua saa yangu, akanirudisha na gunia langu. Majirani wanasema nina bahati.

Ijumaa, 5 Machi.
Nimekata kinga zote kwa msumeno. Nimepiga tupa mpaka pakalainika, huwezi kujua kulikuwa na kitu. Ala zitabaki hapa. Mwoga mimi.

Jumatano, 10 Machi. Jinja.
Askari yule yule. Alitazama gunia, akapiga mwayo, tukapita.
Sokoni wa kwanza kununua alikuwa Nabirye, mama anayepasua samaki, mteja wangu tangu nilipoingia Uganda. Kisu chake cha zamani kimeliwa na jiwe la kunolea. Kipya hakukikagua, ananiamini. Nami nikamwimbia yale yale ya siku zote: shika hata kwa mikono ya mafuta, mama, mkono hauendi popote. Ulimi umezoea. Niliyasikia maneno yakitoka na sikuyazuia. Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri kununua.

Jumamosi, 20 Machi. Mbale.
Dereva wa lori, Mkenya mwenzangu, kaleta habari. Nabirye kajikata vibaya. Alimdunga kisu samaki mkubwa, akasukuma kwa nguvu kama alivyozoea, akitegemea kinga. Mkono ukapanda kwenye makali. Dereva akauliza imekuwaje, visu vyangu vinasifiwa. Nikamwambia samaki wanateleza. Aibu gani hii.

Alhamisi, 25 Machi.
Nimetoka Jinja. Nabirye yuko mezani pake, anapasua kwa mkono wa kushoto, polepole, na wateja wanahamia kwa wengine. Vidole vya kulia havikunjiki tena. Nilikwenda kumwambia ukweli. Basi zima nilikuwa nayapanga maneno.
Akaniwahi. Watu wa soko wanavikataa visu vyangu kwa sababu ya mkono wake. Amewaeleza kosa ni lake, alishika vibaya. "Nimekuharibia jina, fundi. Unisamehe."
Meza ya pili askari wawili walikuwa wananunua samaki. Hawakuwa wakitusikiliza. Siwezi kuwasingizia.
Nikamwambia nimemsamehe.
Alifurahi. Akanifungia samaki wawili aina ya ngege kwa jani la mgomba, akakataa malipo. Nimewapika jioni hii. Nimekula.