Unga wa Mtama kwa Safari Kubwa Tu

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii. Hilo si jambo geni kati yetu, maana tangu niende chuo ulikuwa ukiniitikia kwa kidevu tu, macho yako kwenye redio.

Nakuandikia nikiwa hapa Makote, barazani kwako, nimekaa kwenye kile kiti chenye mto. Ndiyo, hicho hicho. Hakuna aliyenikataza. Kesho ni arobaini yako, na wazee wameshaamua kwamba unga nitaumwaga mimi. Mama yuko uani na wanawake wenzake, mtama umetwangwa tangu asubuhi.

Nimekasirika, Mjomba. Nimeona nikuambie hilo kwanza, kabla ya habari za nyumbani.

Watu wakija hapa huwa wanauliza kwa nini baraza la mwalimu lina viti viwili tu na mkeka. Nitawaelezaje kwamba mgeni alikuwa haketi mpaka umuulize yeye au mwanawe kasoma wapi? Mwenye mtu Kampala, kiti chenye mto. Mwenye mtu kile chuo cha Dar, kiti cha mbao. Vyuo vya ualimu, vya kilimo, vya uuguzi, mkekani. Mama yangu, dada yako wa tumbo moja, alikaa mkekani miaka yote, akakuchambulia mbaazi huku wewe unamsimulia vile vyuo viwili vya kale vya Uingereza, kipi chenye daraja zuri zaidi, kipi kimetoa mawaziri wakuu wengi. Wewe mwenyewe hukuvuka chuo cha ualimu. Kwa sheria yako ulipaswa kukaa mkekani, lakini kiti kilikuwa chako.

Vitabu vya picha ulivyokuwa ukiandika barua kwenye balozi kuomba bado viko kabatini. Nilivifungua wiki ya kwanza. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, picha yangu ya mahafali niliyokuletea nimevaa joho. Nilijidanganya kwamba nitaikuta umeiweka mahali pazuri, ndani ya msahafu wako labda, nami nitalia na mambo yataisha. Sikuikuta. Nilikuta daraja la Uingereza, majani mabichi na vijana wenye mitumbwi. Mkeo, Mama Hashimu, alisema hakumbuki kuiona picha yangu nyumba hii.

Mimi naikumbuka siku niliyokupa. Uliishika kwa ncha, ukaitazama, ukauliza, "Hilo joho mmekodi?"

Basi. Hilo ndilo neno lako pekee kuhusu shahada yangu.

Kinachoniuma ni kwamba hukuwa hivyo mwanzo. Ni wewe uliyenichorea Afrika kwenye mchanga wa njia ya bondeni, tukienda kuteka maji, ukaniambia nisimame Newala na niruke mpaka Cairo. Nilipofaulu kidato cha sita ulinipakia kwenye baiskeli kutoka Newala mpaka hapa, ukapiga kengele njia nzima, ukawaambia hata wapita njia tusiowajua, "Huyu ni mpwa wangu! Anakwenda chuo kikuu!" Nilikuwa nimeshikilia shati lako. Lilikuwa limelowa jasho na wala sikujali. Sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa siku ile.

Halafu majina ya Dar yakatoka, langu halikuwemo.

Nafasi zilikuwa chache, unajua. Lakini ndiyo miaka ile kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa. Korosho zilinunuliwa na watu binafsi, redio zikawa za watu binafsi, na kanisa moja kule nyanda za juu likafungua chuo kikuu katika majengo yaliyokuwa sekondari. Walinichukua. Mama akauza korosho zote za msimu ule, nami nikaja kukuaga na mkoba wangu.

Ulikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Mama alikuwa ameshaleta kibakuli cha unga wa mtama, amekiweka kizingitini. Kwetu hilo halihitaji kuombwa. Mtoto wa dada akisafiri, mjomba humwaga unga mlangoni, huwataja mababu mmoja mmoja na kuwaambia mtoto wao anakwenda wapi. Ukasukuma kibakuli pembeni kwa mguu. Kwa mguu, Mjomba! Ukasema, "Unga humwagwa kwa safari kubwa. Nitawaambia nini wazee? Kwamba anakwenda chuo cha soko huria? Chuo cha mitumba, hata rangi haijakauka?"

Mama akauchukua unga akaupikia uji. Nikaunywa, nikaondoka.

Na Hashimu ulimmwagia! Mwanao ana wajomba zake Tandahimba, wazima, ilikuwa kazi yao. Wewe ukawapora kwa sababu alikuwa anakwenda Dar. Yule usiyedaiwa ukampa, na mimi niliyekuwa wako kwa mila na kwa damu ukanifungia mlango. Wajomba zake walikununia mpaka siku ya mazishi.

Ngoja nikuambie kuhusu mazishi, kwa kuwa ungeyapenda. Watu walikuwa wengi mpaka wengine walikaa chini ya mikorosho ya jirani. Watani wakaja, kama kawaida yao. Mmoja, mama mnene wa Masasi, alijifunga kanga mabegani kama joho, akajiwekea mfuniko wa sufuria kichwani, akaketi mbele ya maiti yako akikunja nne. Kila aliyekuja kutoa pole akamdaka. "We nawe umesoma wapi? Madrasa? Mkekani! Na wewe? Hukusoma? Kaa juani kabisa!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Sheikhe aligeuka pembeni, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilicheka na mimi. Kisha nikaona kwamba wilaya nzima ilikuwa inajua, na miaka yote mimi nilidhani ni siri yetu ya aibu. Nikaacha kucheka.

Hashimu alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ingenisaidia sana kama asingekuja. Alishuka basi la Mtwara na vumbi mpaka kope, akalia kama mtoto. Baada ya kuzika tulikaa naye nyuma ya jiko, nikamwambia habari ya joho. Kisha akaniambia kwamba alipopata chuo cha Uingereza, kile cha kaskazini, alikupigia simu kupitia posta ya Newala, na ulisubiri pale tangu asubuhi. Alipokutajia jina ukauliza, "Vile viwili vyenye mto na daraja vilikukataa?" Akaniambia alikata simu akasingizia laini mbovu. Hajawahi kukuletea picha ya mahafali. Nilidhani mimi ndiye niliyekosa, kumbe hakuna aliyepata.

Tulimaliza sufuria nzima ya chai. Sikumbuki kama nilimpa pole ama yeye ndiye alinipa.

Habari nyingine. Newala wamejenga mnara wa simu, Mama Hashimu sasa ana kisimu anachokifunga kwenye pindo la kanga. Mimi bado nafundisha jiografia Lisekese. Somo lako, ndiyo, hukuwahi kuniuliza nafundisha nini. Kwenye chumba cha walimu, waliosoma Dar wamejikalia upande wa dirisha, sisi wa vyuo binafsi tuko karibu na mlango, na hakuna aliyetupanga. Ugonjwa wako hukufa nao, Mjomba. Umeacha wagonjwa wengi.

Mwezi uliopita gazeti lilichapa orodha ya vyuo bora vya dunia, wanavipanga kwa namba sasa, kama timu za mpira. Vyako viwili vya Uingereza vilikuwa juu. Changu nilijua hakimo. Nikakitafuta cha Dar, nikapitisha kidole mpaka chini ya ukurasa ule, sikukiona. Nikatafuta cha Kampala, nacho sikukiona. Nilikunja gazeti nikasimama, nije Makote leo leo nikakuoneshe ujue pa kukiweka kile kiti chenye mto. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikiwaza nikodi pikipiki ya nani. Hapo ndipo nikakumbuka. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo usifikiri sikukulilia. Nilikulilia siku ile, na gazeti mkononi, kwa hasira.

Sasa kesho. Wazee walipoulizana nani atamwaga unga, mmoja alimtazama Hashimu, wenzake wakamkatalia, huyo ni wa ukoo wa mama yake. Mama hana mtoto mwingine, na wewe hukuwa na dada mwingine. Ni mimi. Mpwa wako wa chuo cha mitumba ndiye mlango pekee ulio nao wa kuwafikia wazee wako. Nikikataa, hakuna mwingine. Nimelifikiria hilo tangu juzi, na sitakuficha, nilifurahi kulifikiria. Nilijiona naweka mguu kwenye kibakuli.

Lakini Fatuma, yule binti wa jirani aliyekuwa akikuletea mabibo, anaondoka wiki ijayo kwenda Mtwara kujifunza ushonaji. Hana mjomba aliye hai. Jana alikuja hapa, akasimama mbali, akaniuliza kama akina sisi wa cherehani nao humwagiwa unga. Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia aje na mkoba wake, nami nitamtajia wazee wangu, watamjua huko huko mbele. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Anayeondoka kwenye kizingiti hiki sitamuuliza anakwenda chuo gani kabla sijashika kibakuli. Na hiki kiti nimeshasema Mama akikalie kuanzia kesho.

Nawe nitakumwagia. Ulisema unga ni kwa safari kubwa, na hii uliyokwenda hata wewe usingeweza kuitoa kasoro. Sijakusamehe, nakumwagia tu. Nitawataja wazee wote kama ulivyonifundisha, na nikimaliza nitataja jina langu na jina la chuo changu, kwa sauti, mbele ya watu wote. Wakikuuliza huko mpwa wako kasoma wapi, itabidi uwajibu.

Kwaheri, Mjomba. Mama ananiita nikachekeche unga.

Ni mimi mpwa wako,
Somoe