Kuhusu Kuvunjwa Mkono kwa Benedict Otmar Mdomoni mwa Duara

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Geita

Jina: Evelina Bujiku (Mama Vumilia)
Umri: Miaka 41
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Msimamizi wa mdomo wa duara, machimbo ya wachimbaji wadogo
Makazi: Geita, mzaliwa wa Tinde, Shinyanga

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nasema kwa hiari yangu, sijatumwa na mtu wala sijatishwa.

Kazi yangu ni kuhakikisha wachimbaji wanashuka na kupanda salama kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Mwaka jana masika, mchimbaji wetu Mwigulu alifukiwa na kifusi. Tulimtoa akiwa hai, ila mguu ulikatwa. Siku ile kila mmoja wetu alisema, "Nilidhani mwenzangu kaangalia." Kazi ilikuwa na jina moja tu, "kagua duara," na kwa kuwa ilikuwa ya wote, haikuwa na mwenyewe.

Baada ya hapo niliigawa vipande. Kamba peke yake. Feni ya hewa peke yake. Matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, yakaguliwe ngazi kwa ngazi. Kila kipande nikakipa mtu wake, nikaviandika vyote kwa rangi kwenye mlango mbovu tuliousimamisha pale mdomoni. Mtu akimaliza chake anaweka tiki kwa chaki. Tiki zisipotimia, hashuki mtu.

Mnamo tarehe 18 Novemba 2024, saa moja asubuhi, nilikuwa kazini. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Benedict Otmar, fundi wa matimba, alipanda kutoka chini akaniambia, "Mayu, mama yetu, ngazi ya tatu kuna gogo linacheza. Nipeni jingine nibadilishe."

Kabla hatujalipata akafika Gregory, meneja wa duara. Akauliza kwa nini winchi imesimama. Nikamweleza.

Akasema, "Kushusha watu ni kazi moja. Wewe Mama Vumilia umeikatakata kama nyanya za kachumbari. Wekeni tiki, watu washuke."

Benedict akamjibu, "Bosi, siwezi kuweka tiki kwenye kitu sijakimaliza."

Gregory alichukua chaki akaweka tiki mwenyewe, mahali pa Benedict. Nikaifuta kwa ncha ya kitenge changu. Akaweka tena, nikafuta tena. Ndiyo, niliyefuta ni mimi, na sijutii. Alinisogelea, Benedict akasimama kati yetu. Hapo Gregory akaokota mpini wa sururu akampiga nao mkono wa kushoto. Mfupa ulilia. Mpaka leo nausikia hata nikiwa napika.

Gregory akawageukia wachimbaji: "Anayetaka kazi ashuke sasa hivi!" Wote walikataa kushuka. Adam, anayeangalia kamba, aliifungua kwenye winchi, akaikunja, akaikalia. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Lusia wa feni alimfunga Benedict mkono kwa kanga yake, tukampeleka hospitali kwa bajaji. Daktari alisema umevunjika.

Siku hiyohiyo nilifukuzwa kazi. Jana jioni shemeji yake Gregory alikuja kwangu. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Akasema nikieleza polisi kwamba Benedict aliteleza, nitarudishwa kazini. Nilimkaribisha ugali, akala. Aliponawa nikamwambia, "Baba, hakuteleza. Alipigwa. Kamwambie shemeji yako nitasema hivyohivyo."

Afisa ameniuliza kama duara lilianguka siku hiyo. Halikuanguka. Najua Gregory anatembea na neno hilo, anasema tulimpotezea asubuhi nzima bure. Mimi sina haja lianguke ndipo niwe na haki. Gogo lilikuwa linacheza, na mwenye kuliangalia alisema bado. Mkinirudisha pale kesho nikaikuta tiki ya uongo, nitaifuta.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nitayarudia mbele ya hakimu na mbele ya Gregory mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: E. Bujiku

Mimi, WP Koplo Scolastika, nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa sauti. Mahali nilipokuwa nimeandika kwamba wachimbaji "walifanya vurugu," alinisimamisha akataka niandike "walikataa kushuka." Nilimweleza kuwa maana ni ileile. Akaiweka kalamu mezani. Nimekata, nikaandika alivyosema. Ndipo akasaini.