Mashine Ililia Kizingitini

Mokrane, mjukuu wangu, mume wangu mdogo uliyenikimbia ukaenda Marseille,

Mimi mzima. Ninasema, jirani Dahbia anaandika.

Yule mtu uliyemtuma na mashine ya kutafutia vyuma alifika kwenye gofu la nyumba yetu ya zamani. Kizingitini mashine ikalia.

"Bibi, hazina ya wazee hii! Sogea nichimbe."

Nikaketi papo hapo. "Nisogeze wewe, kama u mwanamume!"

Akaondoka akinung'unika.

Si hazina, Mokrane. Ni furungu la chuma nililomvika mguuni mwanangu wa kwanza, aliyekufa kabla ya kupewa jina. Tulimzika pale mlangoni asikie tukiingia na kutoka.

Kesho nitaketi tena. Ukitaka kuchimba, njoo uninyanyue mwenyewe. Ukishindwa, maziwa ya mgando yapo.

Bibi yako akupendaye, king'ang'anizi,
Tassadit