Magunia Matupu ya Stoo

4 Februari

Dada, shikamoo. Wewe, shemeji na watoto hamjambo? Mimi mzima, tena nimenenepa, ukiniona utaniamkia wewe! Sasa ni msaidizi wa stoo ya shule. Chakula chote cha wanafunzi kinacholetwa na serikali, mchele, maharage, mafuta, kiko chini ya ufunguo wangu. Mwalimu mkuu mwenyewe akitaka kuingia ananibembeleza. Na nyinyi mlisema aliyeacha shule darasa la sita hafiki popote! Nimempa dereva wa basi la huko magunia kumi matupu akuletee, ufungie mkaa wako. Hapa panya wanazaliana humo tu.

Mdogo wako, bosi wa maharage

19 Februari

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, ila kitinda mimba anakohoa. Magunia yamefika, asante, bosi. Wateja wakiona muhuri wa serikali wanadhani na mkaa ni wa msaada, wanataka bure! Lakini uliomba ruhusa? Naujua mdomo wako, unatangulia akili.

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo. Mtoto kapona? Mimi afya ipo, usingizi hamna. Mkaguzi amekuja. Kumbe chakula kikishapikwa, gunia lake halitupwi: yaliyojaa na matupu huhesabiwa pamoja, yalingane na yaliyoshushwa. Yamepungua arobaini. Mwalimu mkuu kaninyooshea kidole: "Huyu ndiye mgawaji." Dada, yale thelathini mengine yalitoka yamejaa, kwa gari la mwalimu mkuu mwenyewe, siku nilizomwachia ufunguo nikaenda kutamba kijiweni. Mkaguzi kasema nikirudisha kumi yangu, hata yakiwa meusi kwa mkaa, ataamini nilitoa matupu, na mwalimu atajieleza kuhusu mengine. Mpe dereva yule yule, leo hii. Wewe ndiye uliyenilea, usiniache.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu, hujambo? Nimechelewa. Shemeji yako aliisoma barua yako kabla yangu. Akasema polisi wakiyakuta hapa tumekwisha sote. Ameyachoma uani, yote. Nililia, lakini nina watoto wanne, wewe uko peke yako. Wakija kuniuliza, sikupokea kitu. Nisamehe.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Nimetia saini kuwa niliiba yote arobaini. Mwalimu mkuu kahamishiwa shule kubwa zaidi, nasikia ina stoo mbili. Shuleni kwetu chakula kimesimamishwa. Mchana watoto wanarudi kwao na njaa, na njia yao inapita nyuma ya mahabusu nilimofungiwa. Wananizomea dirishani: "Mwizi wa maharage!" Wale wale niliokuwa nawaongezea ukoko.

Kaa kwa amani, polisi hawatakuja kwako. Niliulizwa nina ndugu gani, nikasema sina.

Halafu magunia yale ni ya plastiki, moshi wake unawasha vibaya. Msalimie shemeji. Mwambie pole ya macho.

Mdogo wako