Moto wa Tanuru na Kaburi la Mama

Kongwa, Ugogo

Kwa mdogo wangu Nyamizi,

Najua karatasi hii ikifunguliwa tu utasema "shikamoo kaka", basi marahaba, naitikia kabisa nisije nikasahau huko mbele. U mzima? Miguu yako inayovimba kila masika imetulia? Na huyo shemeji anayekusomea, bado anakoroma kama punda? Shemeji, soma na hapo, usiruke.

Mimi huku nimekuwa mtu mkubwa. Kanisa jipya la misheni nimelijenga mimi, na nikipita watu wote wananipisha njia, hata Bwana mzungu mwenyewe. Haya, nimesema uongo. Kanisa wanajenga mafundi, mimi nachoma matofali tu. Wananipisha kwa sababu nanuka moshi, na masizi yangu yanahamia kwenye kanzu zao. Na tanuru langu la kwanza, matofali nusu nzima yalipasuka. Hilo usimwambie mtu hapo Unyanyembe.

Nimechoka, Nyamizi. Nilipokuwa mpagazi nilibeba pembe toka kwetu mpaka pwani, nikinung'unika kidogo tu. Sasa mzigo wangu ni kuni, na nchi hii ni miiba na vumbi, nusu siku natafuta gogo moja. Tanuru likishawashwa halitaki mtu akae. Macho yangu yamekuwa mekundu hata mbuzi wananikimbia.

Sasa sikia. Yupo hapa Mwalimu Yohana, Mgogo, mtu mwema, kanzu yake nyeupe siku zote. Ndiye anayetufundisha sisi tunaongoja ubatizo. Ndiyo, na mimi nimo, Jumapili ijayo natiwa maji, usicheke. Siku moja akalileta darasa zima mbele ya tanuru langu, linawaka, akasema, "Tazameni. Jehanamu ni zaidi ya hili mara elfu, na haizimiki. Asiyebatizwa ndiko aendako, na huko hapewi hata tone la maji."

Mzee mmoja wa Kigogo, mtani wangu, akaniuliza, "We Mnyamwezi, na huko mpishi ni wewe?"

"Ni mimi. Ukifika taja jina langu, nitakuweka pembeni penye nafuu."

"Na kuni mtatoa wapi? Hapa hata za kusongea ugali hakuna!"

Tukacheka, Mwalimu akakasirika. Lakini Mama Ndahani hakucheka. Huyu ni mjane, tunasoma naye darasa moja. Mwanawe wa pekee, Ndahani, mtu mzima mwenye ng'ombe zake, alikufa kwa homa kiangazi hiki. Darasa la ubatizo alilikataa. Alikuwa akisema ng'ombe hawajui Jumapili.

Kesho yake asubuhi mama huyo akaja peke yake. Nilikuwa nimeinama napanga kuni. Kugeuka, namwona amepeleka mkono kwenye kinywa cha tanuru, anausogeza, anausogeza. Nikamvuta. Vidole vilikuwa vimeanza kubabuka.

"Mama, una wazimu?"

"Nataka kujua mwanangu anavyosikia," akasema. "Wewe ndiye unayeujua moto. Mimi nitiwe maji niende mbinguni, yeye nimwache humu? Siendi."

Nyamizi, utani wote ulinikauka mdomoni. Nikamfunga mkono kwa kitambaa chenye samli, nikamwambia, "Mama, moto haukai wenyewe, yupo anayeutunza, na hautunzi kwa hasira. Tofali likiiva tunaziba kinywa, tunaacha lipoe, tunalitoa. Anayechoma bila kukoma, huyo hajui kazi. Na Mungu kazi anaijua."

"Na yanayopasuka?"

Alikuwa Mwalimu, kasimama nyuma yetu, sijui tangu lini.

"Vipande vyake nimevitia kwenye msingi wa kanisa," nikamjibu. "Unavikanyaga kila siku."

"Mzee, unapotosha watu. Hayo sikuyasoma popote." Nikangoja anifukuze darasani. Yeye akakaa juu ya kuni zangu, na kanzu yake ile ile, kwenye masizi, akasema polepole, "Baba yangu naye hakubatizwa."

Tukakaa pale watatu mpaka moto ukataka kuni nikainuka.

Mama Ndahani amesema Jumapili atakuja. Ameyashika maneno yangu, na hapo ndipo ninapochoka kuliko kwenye kuni. Maana nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, kama nilivyokuambia nimejenga kanisa. Sijui, Nyamizi. Mimi ndiye yule niliyepasua matofali kwa kuzidisha moto. Na sasa kila nikikaa mbele ya tanuru namwona mama yetu, aliyekufa hata habari za maji haya hatujazisikia. Unakumbuka asivyopenda joto? Kivuli kikisogea na yeye na kigoda chake, mchana kutwa anazunguka nyumba.

Nisalimie mjomba mfua majembe, umwambie jembe lake lilivunjika mapema kuliko alivyoapa. Msalimie shangazi, na wakwe zako wote, hata yule asiyenipenda. Shemeji nimekwisha msalimu.

Ni mimi kaka yako, Maganga, mchoma matofali.

Naona karatasi ina nafasi bado. Ule mtungi wa asali wa baba uliuvunja wewe, fimbo nikala mimi, na mpaka leo hujanilipa. Basi nilipe sasa. Chukua kibuyu cha maji ya kisimani, ya alfajiri, yale yenye baridi, ukammwagie mama kaburini. Usiseme neno, usiite wazee, si tambiko. Maji tu, na usiyabanie.