Benchi la Mbele

Dada Nuala,

Huku nyumbani Clare tu wazima. Mvua inanyesha, kwa hiyo hakuna jipya.

Ulinipigia simu kutoka Boston ukitaka kwenye kura ya maoni ya Ijumaa niipigie Hapana ndoa ya jinsia moja. Nilikusikia. Sasa nisikie.

Tulipomzika bwana Fintan, jirani yetu, watu walipita benchi la mbele kanisani kuwapa wafiwa mkono, kama ilivyo ada. Pale alikaa binamu yake kutoka Leeds, aliyeniuliza marehemu alikuwa na sura gani. Colm, mpenzi wake wa kiume, aliyeishi na Fintan miaka ishirini na kumuuguza mpaka mwisho, alikaa nyuma kabisa, karibu na miavuli. Mzee Tadhg, ambaye hata lami aliipinga, alininong'oneza, "Mama Gráinne, pole tumempa mgeni, mfiwa tumemruka. Upuuzi gani huu?"

Tadhg atapiga Ndiyo. Nami pia. Binti yangu Gráinne anaishi na mwanamke mwenzake, Orla, unajua vizuri, ingawa kila ukipiga simu unamuulizia paka wao tu. Siku nikifa, Orla atakaa benchi la mbele, mkwe wangu kamili. Ukija kunizika, dada, utaanza kumpa mkono yeye.

Mdogo wako,
Bríd