Niliweka draiva ya kampuni, shemeji hajui

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana kesho mchana shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakuja kuifuta kompyuta yangu yote na aliyeiharibu ni mimi. Yeye ni fundi, ndiye aliyeniwekea mfumo huria, ule wa bure ambao yeyote anaweza kuona ulivyotengenezwa, akaniapisha nisichanganye humo programu za kampuni zilizofungwa, sasa mimi nahariri video, picha zilikuwa zinakwamakwama, nikaenda mwenyewe kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi ya picha, nikapakua draiva yao, yaani programu inayoiendesha hiyo kadi, wiki mbili kazi ikanyooka, nikajiona mjanja, hadi Jumatatu mfumo ulipojisasisha, nikawasha nikakuta kioo cheusi tii. Nikamwambia shemeji ni umeme. Ameshaifungua mashine mara mbili, kapangusa vumbi, kabadilisha waya, maskini, mwisho akaniuliza, “Shemeji, nikifuta nianze upya, kuna cha maana humo?” Nikasema hakuna, kwa kuogopa akipekua ataikuta draiva. Mshauri, humo mna saa tatu za video, mama mkwe akisimulia alivyowalea wanawe, nilimrekodi kabla ya upasuaji wa koo uliomwondolea sauti. Sina nakala nyingine, na nilitaka iwe zawadi kwao. Nifanyeje?

Mimi, Shemeji Mwoga

Shemeji Mwoga, pole, ila kwenye hilo “hakuna” umenichosha kabisa. Kutumia draiva ya kampuni si dhambi, kazi yako inaitaka. Ulipokosea ni kuiokota tovutini wakati mfumo wako una ghala lake la programu lenye draiva hiyohiyo, inayosasishwa pamoja nao. Ya tovutini ilibaki nyuma mfumo ulipobadilika, ndiyo maana kioo kikazima. Video hazijaguswa. Atakayezigusa ni shemeji yako kesho, kwa ruhusa yako, na ni sauti ya mama yake mzazi! Hivi ulikuwa unafikiria nini?

Ukimaliza kusoma jibu hili, mpigie sasa hivi. Mwambie, “Niliweka draiva ya kampuni kwa mkono, na nilikudanganya. Usifute.” Fundi akisikia hivyo ataiwasha kwa maandishi matupu, bila picha, ataiondoa draiva, na kabla ya kuweka ile ya ghalani umwombe anakili video zote kwenye diski ya nje. Atafoka. Mwache afoke, umemtesa na waya mara mbili bure.

Akimaliza kukuhubiria, mfungulie hiyo video, ongeza sauti, kisha umpishe kiti.